Injinia Kyule na Probox ya Mkunga

Siku ya soko pale Nunguni, Kyule alikuwa hotelini akimalizia chapati ya pili alipoisikia pesa ikiteremka mlima. Ilikuwa inasema kok, kok, kok.

Aliinua kichwa. Probox nyeupe ilipita polepole mbele ya wauza viazi, imeinamia upande wa kushoto kama mtu mwenye jino bovu. Kila ilipoingia shimoni gurudumu la mbele liligonga, na kila lilipogonga, mama wa miaka sitini na kitu aliyeshika usukani alikunja uso. Kyule alilipa, hakungoja chenji, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra sana, akarukia boda.

Inafaa mtu huyu ajulikane mapema. Kyule hakuwa fundi. Hakuwahi kufungua hata nati ya baiskeli. Kazi yake mjini Emali ilikuwa kutangaza vifo vya magari yaliyo hai. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, yenye neno INJINIA kifuani, kazi ya fundi cherehani mmoja karibu na stesheni. Angeinama juu ya boneti, atege sikio, avue kofia na kushusha pumzi. Kisha, kwa huruma tu, angejitolea kuinunua maiti kwa bei ya vyuma chakavu. Wiki moja baadaye maiti hiyo ingeonekana kwenye barabara ya Loitokitok, imebeba mbuzi na inapita malori.

Boda iliishiwa mafuta njiani, kwa hiyo alipofika kwa yule mama gari lilikuwa tayari limeinuliwa kwa jeki. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelazwa kwenye nyasi. Juu ya gunia safi zilipangwa spana kwa ukubwa wake, na kando yake shokabsoba mpya, raba zake na kijiti cha chuma ambacho mafundi hukiita linki. Mama mwenyewe alikuwa amekalia mtungi uliopinduliwa, simu mkononi, miwani puani.

"Hodi hapa, mwaitu," Kyule alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Karibu. Kama unauza dawa ya kunguni, nilinunua jana."

"Mimi ni injinia. Nilikuwa napita tu, nikasikia gari inalia. Moyo ukakataa kupita."

Mama alimtazama kutoka viatuni hadi kwenye maandishi ya kifuani. Aliitwa Ndunge. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya watu waliokuwa sokoni siku hiyo walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa uchi na wakipiga kelele.

"Fundi wa kwanza alinibadilishia kitu kilichokuwa kizima," Ndunge alisema. "Wa pili akanirudishia kile kile, akanilipisha tena. Nikaona wacha nifanye mwenyewe. Ni mara yangu ya kwanza, lakini hata mtoto wa kwanza nilimzalisha mara ya kwanza."

"Haraka ya nini, mama?"

"Binti yangu Kaveke ameolewa Tulia, kule Kitui. Anajifungua wiki ijayo. Nimewapokea watoto wa watu wote hapa. Mjukuu wangu sitampokea kwa simu."

Kyule alichuchumaa, akachungulia ndani ya tao la gurudumu, ambamo aliona vyuma vingi asivyovijua hata kimoja. Akagonga kimojawapo kwa ukucha. Akatega sikio. Akavua kofia.

"Mwaitu, nikwambie ama nikufiche?"

"Niambie. Nimewaambia watu mengi."

"Chasisi imekwenda. Hata ukifunga vifaa vya dhahabu, itagonga tu. Ukienda nayo Tulia, utafika kwa vipande." Akaipangusa kofia vumbi. "Lakini kwa sababu wewe ni mama yangu, naweza kukutoa mzigo huo. Elfu themanini."

Huku akisema hivyo alikuwa anamuwaza Billow, mfanyabiashara wa mifugo pale Emali. Billow alitaka gari la kuzungukia masoko, lisilogonga, na alikuwa tayari kulipa laki nne na nusu. Jana yake alikuwa amempa Kyule elfu thelathini za kuanzia kutafuta.

Ndunge alivua miwani, akaifuta kwa leso. "Katika kazi yetu hatuandiki amekufa kabla ya kujaribu. Vifaa ninavyo. Wewe ni injinia. Tuvifunge pamoja saa hii. Ikigonga bado, nakuuzia kwa themanini yako, leo leo."

Hapo kichwa cha Kyule kiliwaka taa zote. Gari lilitakiwa liwe limekufa kwa Ndunge na liwe zima kwa Billow, na mama huyu alikuwa anamwonyesha njia. Lifungwe vizuri, nati moja iachwe imelegea. Litagonga mbele ya mama, yeye alinunue, aikaze nati nyuma ya kichaka, kisha Billow apate gari lililotengenezwa kwa vifaa vya mwenye kuuza. Ulikuwa mpango mzuri kiasi kwamba alisikitika hakuna mtu wa kumsimulia.

"Na isipogonga?" Ndunge aliuliza.

Kyule akacheka, akachomoa elfu thelathini za Billow, akaziweka juu ya gunia. "Isipogonga, mama, hizi ni zako. Mnunulie mjukuu blanketi."

"Andika."

Akaandika kwenye daftari la mama, akaweka sahihi yenye mikia mitatu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kumpigia Billow simu na kumwambia afike Nunguni saa kumi.

Likabaki jambo dogo, kwamba hakujua pa kuanzia.

"Naomba choo, mwaitu."

Chooni alifungua simu, akatafuta video. Akaipata ya jamaa mmoja mwenye sauti nyembamba: "Kwanza kabisa, ndugu mtazamaji, legeza nati tatu za juu, chini ya boneti..." Kyule aliitazama ameishikilia sikioni na machoni kwa zamu. Akatoka, akalegeza nati tatu za juu kwa madaha makubwa, akarudi chooni.

Mara ya tatu, Ndunge alibisha mlango. "Kijana, unaendesha?"

"Kidogo tu, mama."

"Nimekuwekea maji ya chumvi na sukari. Utakunywa yote."

Akanywa. Birika zima, mama akiwa amesimama mbele yake kama askari. Kila safari ya chooni ilimletea elimu mpya na birika jingine, na kufikia saa saba Kyule alikuwa na haja ya kweli ya kwenda chooni, bila video yoyote.

Kazi ngumu ilikuwa springi. Ilibidi ibanwe kwa kibano chenye kulabu mbili, ambacho Ndunge alikuwa amekiazima duka la vipuri, ndipo shokabsoba ya zamani itoke na mpya iingie. Kyule alipiga magoti juu ya gunia akizungusha spana, jasho likimdondoka. Springi ililia kama mnyama.

"Polepole," Ndunge alisema, mkono begani mwake. "Upande huu kidogo. Sasa ule. Pumua."

"Itaniruka usoni, mama."

"Haitaruka ukinisikiza mimi. Usisukume bado. Nimesema bado." Akainama, akapapasa kwa vidole. "Haya. Kichwa nakiona. Sasa sukuma."

Kyule akasukuma. Shokabsoba ikapenya, ikakaa mahali pake kwa mlio mtamu kabisa, klak. Wote wawili wakakaa chini. Kyule alijikuta anacheka mwenyewe, mikono myeusi hadi viwikoni, na kwa muda wa kama dakika nzima alisahau alikuja kuiba nini.

"Ni dume," Ndunge akasema.

Walirudisha yote, wakafunga linki mpya. Ndipo Kyule akakumbuka. Akajilaza chini ya gari, akamwambia mama amletee kitambaa, na aliporudi nati ya linki ilikuwa imelegezwa mizunguko minne.

"Tayari," alisema akitoka. "Tumuachie Mungu."

"Nenda ukanawe. Maji ya moto yako nyuma, sabuni ipo. Hatuingii ndani ya gari na mikono hiyo."

Akaenda, akanawa kwa starehe, akipiga mluzi.

Saa tisa na nusu waliondoka, Kyule usukanini, Ndunge kando na mkoba mapajani. Shimo la kwanza lilikuwa pale getini. Kyule aliliingia kwa upole, akatega sikio kwa uso wa huzuni ulioandaliwa.

Kimya.

"Imepita vizuri," Ndunge alisema.

"Hilo lilikuwa dogo."

Akatafuta kubwa. Barabara ya Nunguni haina uchoyo wa mashimo, lakini siku hiyo Kyule hakuridhika na yale yaliyomo njiani. Alivuka upande wa pili kuyafuata. Alipanda ukingo, akashuka mtaroni, akapita juu ya mawe yaliyowekewa lori bovu. Watu sokoni waliacha kupima viazi wakatazama. Mbele yao alipita mwanamume wa ovaroli anayeendesha kama aliyeumwa na siafu, na kando yake mkunga mstaafu ameketi wima kama yuko kanisani.

"Umesikia hiyo?" Kyule aliuliza kwa matumaini.

"Ni kopo la dawa kwenye mkoba wangu."

"Na hiyo?"

"Hayo ni meno yako."

Mbele ya duka la mbegu alisimama Billow, mrefu, kikofia cheupe, fimbo kwapani. Alikuwa ameona yote. Alifungua mlango kabla gari halijatulia vizuri.

"Wallahi, hii ni gari. Nimeona ikipita kwa yale mawe, hata haikukohoa. Mama, salaam. Kyule, bei ni ile ile? Laki nne na nusu?"

Kyule alitazama mbele, kwenye kioo, kama dereva anayeendelea na safari.

"Laki nne na nusu," Ndunge alirudia. "Maiti imepanda bei."

"Maiti gani?" Billow aliuliza.

Ndunge akamweleza, bila haraka, kuanzia kofia iliyovuliwa hadi mapatano ya daftarini. Kisha akamgeukia Kyule. "Kijana wangu, ile video nimeitazama mara kumi na moja. Ile sauti naijua kama ya mume wangu. Nilipoisikia inatoka chooni, nikajua injinia wangu ni wa namna gani. Lakini nilihitaji mtu wa kubana springi, mikono yangu imechoka."

"Na nati?" Kyule aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulipoenda kunawa nilipitia zote kwa spana. Baada ya kila kujifungua mkunga anakagua kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuta moja imelegea mizunguko minne. Nikaikaza, nikasema labda ni kuchoka."

Billow alicheka hadi akashikilia paa la gari. Kisha akaacha ghafla. "Elfu thelathini zangu ziko wapi?"

Ndunge akafungua mkoba, akatoa daftari na pesa, vyote akampa. Billow akasoma, akaitazama ile sahihi ya mikia mitatu, akarudisha vyote viwili.

"Mama, hizi ni zako, imeandikwa. Mimi nilimpa Kyule, nitadaiana na Kyule. Gari hutauza?"

"Gari inaenda Tulia."

"Basi sawa. Na yeye, kazi anaijua?"

Ndunge alimtazama Kyule kama alivyozoea kuwatazama wanafunzi wa uuguzi siku ya mwisho. "Ana mkono mzuri. Akimaliza, pitia nati zote. Kibano kiko hapo nyuma, nitawaazima, mkirudishe dukani Jumamosi."

Pikapu ya Billow ilikuwa upande wa pili wa barabara, tupu, ikinuka mbuzi. Kwa hesabu ya Billow, Kyule akitengeneza magurudumu yote manne ya pikapu hiyo deni lote lingekwisha, mradi Billow mwenyewe asinunue chai. Kyule aliingia bila kubishana. Kibano alikipakata.

Waliteremka kuelekea Emali. Pikapu iligonga kila ilipopita shimo dogo, gok, gok, na Billow akaanza kutaja shokabsoba alizoambiwa anunue, nne, mpya, za bei ya ng'ombe.

"Usinunue," Kyule alisema.

"Kwa nini?"

"Shokabsoba ni nzima. Inagonga ikipita shimo dogo, kubwa inanyamaza. Hiyo ni linki, ya kulia. Kitu cha pesa kidogo tu."

Billow alimtazama kwa shaka kubwa. Kyule mwenyewe alishangaa, maana ilikuwa kweli, kama jamaa wa video alivyoeleza, na hakuna mtu aliyemlipa kuisema.

"Simama hapo mbele," alisema. "Nikuonyeshe."

Billow akaegesha kando ya barabara. Kyule akashuka, akajilaza vumbini bila kutandika chochote, akajisukuma chini ya pikapu kwa haraka, kama mtu aliyeachiwa mgonjwa wake mwenyewe.