Bakuli la Mukabalisa Lililorudi Tupu

Nyamazeni, enyi watu wa mtaa wa Gitega hapa Kigali, wa juu ya barabara na wa chini ya barabara. Zimeni cherehani, teremsheni vyungu mekoni, na mwenye kikohozi akakoholee nje, maana habari kubwa inataka masikio yaliyo wazi. Naanza kwa jina la Mola mgawa riziki, aliyewapa wafalme majeshi na sisi akatupa majirani, naye peke yake ndiye ajuaye nani alipewa mtihani mkubwa zaidi. Namtaja Ilyasi, fundi wa nguo, bingwa wa kola na mikunjo, mshinda zipu zilizokwama, mjukuu wa watu waliofika Kigali na misafara ya biashara wakasahau kurudi kwao. Ulikuwa mwaka wa tisini na moja, na mvua za masika zilikuwa zimeanza.

Upande wa pili wa uzio wake wa minyaa alikuwa amehamia mjane mmoja, muuza mtama, jina lake Mukabalisa, ambaye mtaa ulimpa sifa ya Mwenye Lango Gumu. Hakuuliza habari za mtu wala hakutoa zake. Wengine walisema ana majivuno, wengine wakasema ana huzuni, na wote walisema wakiwa mbali.

Sasa sikieni jinsi lango lile lilivyofunguka. Zaituni, mke wa Ilyasi, alilazwa kitandani na malaria, na shujaa wetu akaingia jikoni kwa ujasiri mkubwa, akaunguza wali, akaunguza chai, akawa anaelekea kuunguza nyumba. Ndipo Mukabalisa alipotoka na bakuli la bati lenye maua mekundu ubavuni, limejaa uji wa mtama, akalitua juu ya meza ya cherehani na kusema, "Hii ya mugonjwa. Wewe usikunywe." Zaituni akanywa, jasho likamtoka, na baada ya siku chache akaweza kukaa kitako.

Hapo Ilyasi akatenda kosa ambalo hata leo wanaume wa mtaa hulitaja kwa kunong'ona. Alilichukua bakuli lile akalisugua kwa majivu na mchanga hadi yale maua yakaonekana yamechanua upya, akavaa kanzu, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa jirani yake, akahutubia: "Ewe mama mkarimu, pokea chombo chako, safi kuliko siku kilipotoka dukani!" Mukabalisa akachungulia ndani ya bakuli. Akasema "Ehee," akafunga lango.

Shujaa akarudi amevimba kifua, akamweleza mkewe ushindi wake.

"Uliweka nini ndani?" Zaituni akauliza.

"Niliweka usafi."

"Usafi! Baba Aziza, tangu lini chombo cha jirani kinarudi kitupu? Hata ndizi moja? Hata kijiko cha chumvi? Umemwambia mama wa watu kwamba tumeshiba, asije tena!" Kisha sauti ikamshuka. "Ndugu zangu wako Bujumbura. Nimekaa mtaa huu, nasikia cherehani yako tu mchana kutwa. Yule ndiye wa kwanza kuja nikiumwa. Nilikuwa nimepata mtu." Akageukia ukutani akalia, na Ilyasi akaona aibu ambayo kanzu yote haikutosha kuifunika.

Basi akatangaza vita vya kurudisha urafiki. Alianza kwa kupeleka maparachichi, na lango likamjibu bila kufunguka, "Avoka mimi iko nayo." Akashona kitambaa cha meza chenye lesi pembe zote, kazi ambayo bibi harusi angeililia, na lango likasema, "Peleka ku soko." Majeshi ya Ilyasi yakarudi nyuma yakiwa yameumia, yakajipanga upya nyuma ya cherehani.

Naye Sibomana kinyozi, mshauri wa kila asiyemwomba ushauri, akamwambia jambo kubwa namna hii haliendewi na mtu mmoja. Mwaka ule, nchi nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya vyama. Watu watatu wakikutana chini ya kivuli, jua likihama wana mwenyekiti. Ikaundwa Kamati ya Upatanisho ya Mtaa, ikachagua mwenyekiti, katibu na makamu wake, ikagombana juu ya nani atangulie kubisha hodi, ikagawanyika kamati mbili zisizosalimiana. Mukabalisa hakupata kujua kwamba aliwahi kupatanishwa.

Ni Zaituni aliyelikata shauri. "Wewe unampelekea vitu kama mtu anayelipa faini," alisema. "Acha kupeleka. Nenda ukaombe. Adui haombwi moto."

Ilyasi akatafakari maneno hayo, akayaona yana uzito kuliko kamati zote mbili. Jikoni kwake makaa yalikuwa mekundu, na juu ya meza lilingoja shati la bwana harusi linalotaka pasi. Basi shujaa, kwa kuwa hakutaka kwenda kusema uongo kwa mjane, akachota maji akayamwagia makaa yake mwenyewe. Moshi ukajaa nyumba, Zaituni akakohoa na kucheka mara ya kwanza tangu augue, na Ilyasi akaokota kigae cha chungu akatoka mvuani. Enyi milima ya Kigali, ninyi ndio mashahidi wake: tope lilimvua kandambili moja njiani, naye hakurudi kuifuata!

Akasimama mbele ya lango, akapaza sauti: "Ewe Mukabalisa, mwenye mkono mwepesi na lango zito! Mimi ni Ilyasi, niliyekuletea usafi mahali pa shibe. Sikuja na parachichi, sikuja na lesi. Jiko langu limezimika na pasi yangu imepoa. Nimeshika kigae tu, mama. Naomba moto."

Mvua ikaendelea na kazi yake, na moshi wa jiko la mjane ukapita juu ya uzio.

"Moto yako ilizimika namna gani?" lango likauliza.

"Niliuzima mwenyewe, mama."

"Ulizima yako, sababu uje kuomba yangu?"

"Ndiyo, mama."

Nyuma ya lango kikasikika kicheko ambacho mtaa haukuwahi kukisikia. "Yewe, Mana yanjye, Mungu wangu! Fundi, wewe uko na akili ya kuku!" Na lango gumu likafunguka lote, si ule ufa wa kupitishia jicho.

Mukabalisa akampakulia makaa juu ya kigae, akayafunika na jani la mgomba yasinyeshewe. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile bakuli lenye maua mekundu, akamtilia kwapani. Lilikuwa tupu.

"Uliniletea tupu, na mimi nakupa tupu. Sasa tuko sawa," akasema. "Lakini likirudi, wewe usilete. Bibi yako alete yeye. Anikalie kidogo. Hii nyumba iko na kimya mingi."

Jioni ile Zaituni akajifunga kitenge, akajaza bakuli mandazi ya moto, akavuka. Hakurudi mapema. Redio ya Sibomana ilikuwa ikisoma majina ya wakubwa waliosafiri kwa ndege kwenda kupatana katika hoteli za mbali, wakarudi mikono mitupu, na hakuna aliyeisikiliza, kwa maana juu ya uzio wa minyaa vilipita vicheko vya wanawake wawili. Ilyasi, mwenye pasi iliyojaa moto wa jirani, akasimama kusikiliza kwa furaha mpaka akaunguza kola ya bwana harusi.

Basi na itangazwe Gitega, ifike Kinyinya, na wafuaji wa kisimani wapokezane: Ilyasi fundi alikwenda kwenye Lango Gumu na mguu mmoja mtupu, akarudi na bakuli tupu, na hakuna jemadari aliyewahi kurudi nyumbani na ngawira kubwa kuliko hiyo.