Nje ya Nchi, Hatua Mia Mbili

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimeipata! Kazi ya mosheni grafiksi, yaani kuchezesha picha kwenye skrini, Ulaya, na mwajiri mwenyewe anadhamini viza. Nimeiona saa nne kamili asubuhi hapa steshenari, na saa nne na dakika moja Ezron akaja kuniuliza kama nimeona chaja yake. Kwa nini chaja? Kwa nini dakika ile ile? Mwaka wa tatu huu tunakaa meza moja, tunachezesha maandishi na picha za kadi za harusi na matangazo ya maduka, na hajawahi kupoteza chaja. Nikafunika skrini kwa kitenge cha mteja. Ezron akasema basi, ameiona, ilikuwa kwenye begi lake. Kwenye begi lake! Mtu mzima.

Kazi iko Estonia. Hapo nina shaka kidogo. Sisi wa Tunduma, mpakani na Zambia, nchi tunazijua kwa malori. Kongo naijua, Zimbabwe naijua, hata Botswana. Lori la kwenda Estonia sijawahi kuliona kwenye foleni. Nimetafuta kwenye ramani, nimeikuta juu kabisa, ndogo. Ramani nayo imechorwa na watu.

Tangazo ni refu mno. Nimesoma mpaka neno viza nikaishia hapo. Penye maneno mengi pana kitu kinafichwa, na mimi sina muda wa kufichwa.

Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Mzee Yonasi, baba yake Ruti, ametamka kule Itaka kwamba mshenga wangu asikanyage shamba lake la kahawa mpaka niwe na kazi yenye jina. Na Pasaka ikipita, atamsikiliza mshenga wa mwalimu mmoja wa Nanyala. Mwaka jana nilimweleza mzee kazi yangu kwa utaratibu, kwa mifano. Akaniuliza herufi zikishacheza, zinakula nini. Ruti alicheka. Nampenda Ruti, lakini kicheko kile sijakisahau.

Jumanne, 11 Machi

Fomu ya maombi. Swali la tatu: unaishi wapi kwa sasa?

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nikiandika Tunduma, nitafanana na kila mtu wa Tunduma. Anayechukuliwa kwenda nje ni yule ambaye tayari yuko nje, hilo lipo wazi. Na nje iko wapi? Ng'ambo ya barabara! Kutoka mlango wetu mpaka Nakonde ni hatua mia mbili, leo nimezihesabu. Nimejaza: Nakonde, Zambia. Uzoefu nje ya nchi: miaka sita. Uongo uko wapi? Miaka sita navuka kununua biskuti na sabuni.

Lugha: Kiingereza na Kibemba. Kiswahili nimekiacha nje kabisa. Kingenichoma.

Nimeambatanisha video ya kazi zangu, ile yenye maua ya kahawa yanayofunguka moja moja kwa mdundo wa mvua. Nimetuma nikiwa chooni, maana Ezron alikuwa anapiga mluzi.

Alhamisi, 13 Machi

Wamejibu. Siku mbili tu! Wanataka usaili kwa video Jumatatu, saa nane mchana kwa saa za Zambia, ambayo kwetu ni saa tisa.

Furaha ilidumu dakika tano, shaka ikaingia. Hawajaomba ada. Hata ya fomu! Mimi wakala wa kazi za Dubai aliniomba ada, wa Kanada aliniomba ada mara mbili, na hao wote walikuwa na mihuri. Hawa wanatoa viza bure kama sadaka? Nimewaandikia kuuliza ada iko wapi. Bibi mmoja anaitwa Liis amejibu kwa upole kwamba hakuna ada yoyote. Upole huo nao nimeuandika pembeni.

Nimemwambia Ezron kwamba Jumatatu sitakuwepo, nakwenda Vwawa kung'oa jino. Alifurahi! Akaniambia niende mapema, nisikimbilie kurudi, jino si la kuchezea. Nani anafurahia jino la mwenzake?

Ijumaa, 14 Machi

Nimevuka kwa Mercy. Ni Mzambia, ana saluni Nakonde, ukuta wa bluu. Tumekubaliana anipe kona moja Jumatatu, nami nimtengenezee tangazo la kusuka nywele linalocheza. Nimetundika kitenge chenye bendera ya Zambia ili kionekane nyuma yangu. Mercy ameniuliza kwa nini nisifanyie kwetu ambako kuna utulivu. Nimemjibu haya ni mambo ya kimataifa. Akacheka, akanifundisha Kibemba cha salamu: mulishani, hujambo, na bwino, sijambo. Nimeandika kwenye kiganja.

Ruti amepiga simu, nikamweleza habari za kazi. Ameuliza kama nimesoma tangazo lote mpaka mwisho. Swali gani hilo kwa mtaalamu? Nimemwambia asihangaike na mambo ya kitaalamu.

Jumatatu, 17 Machi

Usaili! Nimefaulu. Nadhani nimefaulu.

Nilianza na mulishani. Bi. Liis akatabasamu. Akasema maua yangu ya kahawa ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizopokea, na kwamba aliyaangalia mara nne. Mara nne! Machozi yalinilenga, nikajifanya napiga chafya.

Tatizo ni wateja. Kumbe wateja wa Mercy wote ni wa Tunduma, wanavuka kusuka. Watatu walikuwa nyuma yangu wanagombana kuhusu nani ameharibu kwaya ya Jumapili, kwa Kiswahili cha kusikika mpaka forodhani. Bi. Liis akauliza hiyo ni lugha gani. Nikasema ni Kibemba cha mpakani.

Ndipo akauliza, taratibu, kama ninajua Kiswahili.

Mtego! Wamenishuku, wanataka kunifichua kwamba mimi ni Mtanzania. Nikajibu najua kidogo tu, cha sokoni. Akaleta ukurasa wa hadithi ya watoto kwenye skrini, akaniomba nijaribu kusoma. Nikasoma kama mtalii. Su-nguru. Fi-si. Nikauliza fisi ni ndege gani. Hata waigizaji wa runinga hawawezi vile!

Mama mmoja aliyekuwa kwenye kikaushio cha nywele akapaza sauti: "We Anyosisye, si nimekufundisha mwenyewe darasa la pili kule Isongole? Kiswahili kimekutoka lini, mwanangu?"

Nikazima maiki. Nikamwamkia shikamoo mwalimu. Nikawasha maiki. Bi. Liis alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika. Sura yake ilikuwa ya huzuni. Nadhani ni uchovu.

Jumatano, 19 Machi

Barua pepe imeingia. Naandika hapa yaliyomo ili yawe ushahidi siku moja.

Wanasema kazi zangu ziliwagusa kuliko za mtu yeyote. Wanasikitika. Katuni wanazotengeneza ni za watoto wa Tanzania, kwa Kiswahili, na walihitaji mtu anayeishi Tanzania, mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho, na viza yenyewe imeandaliwa kwa ajili ya Mtanzania. Wanasema hayo yote yalikuwa kwenye aya ya saba ya tangazo. Wameshampata mtu.

Nimefungua tangazo. Aya ya saba ipo. Haikuwepo Jumatatu ile! Nina uhakika, maana Jumatatu ile mimi sikuiona. Wameiongeza baadaye.

Sijala mchana. Nilikaa nyuma ya steshenari juu ya boksi la karatasi nikamfikiria Ruti anapokea wageni wa Nanyala, amevaa gauni lake la kijani. Iliniuma sana, na sina la kuongeza.

Ijumaa, 21 Machi

Ezron! Ezron ndiye mtu!

Amesimama leo mbele ya meza yetu, ametangaza kwamba amepata kazi Estonia. Usaili wake ulikuwa Jumatatu asubuhi, hapa hapa steshenari, ndiyo maana alishukuru nilipokwenda kung'oa jino, alihitaji ukimya. Kwenye fomu aliandika Tunduma, Tanzania. Aliandika tu! Bila mbinu yoyote! Mtu asiye na mbinu anapataje kazi? Lazima kuna mbinu.

Halafu akanivuta pembeni. Akasema Bi. Liis anatafuta mtu wa pili. Amemweleza kwamba kulikuwa na kijana mmoja wa Zambia mwenye maua ya kahawa ya ajabu, na kwamba angetoa chochote kumpata Mtanzania mwenye mkono kama ule. Ezron aliyajua maua. Aliniona nikiyachora miezi mitatu.

"Kaka, huyo ni wewe," akaniambia. "Mimi nimenyamaza, sijakutaja. Hii hapa fomu mpya. Andika ukweli tu. Tunduma, Mtanzania, Kiswahili tangu tumboni. Wanafunga kesho jioni."

Akanishika mkono, macho yamemjaa machozi. Machozi! Nimeishi mpakani maisha yangu yote. Mtu anayekulilia huku anakupa karatasi, hesabu vidole vyako.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi nzima nimekaa na fomu.

Ruti amepiga. Amesema baba yake amesikia kwamba Estonia wanatafuta mtu wa pili, amelainika, amesema kijana akipata hiyo kazi, mshenga aje hata Jumatatu ya Pasaka, na wa Nanyala ataambiwa asichoke miguu. Kisha akaniuliza kama nimeshaandika Tunduma, kama Ezron alivyosema.

Kama Ezron alivyosema? Ruti na Ezron wamezungumza lini? Ameniambia Ezron alimpigia, kwa sababu ananijua, aliogopa nitafanya mambo yangu. Mambo yangu! Kumbe wamekaa kikao.

Nimetulia. Nimepima. Adui akikuonyesha njia, wewe pita nyingine. Aliyejaza Tunduma amekwishachukuliwa, sasa watachoka na Tunduma, watamtaka mtu tofauti. Na Zambia imeshaharibika, wananijua. Lakini kwetu Isongole ukivuka daraja la mto Songwe unaingia Malawi, na hilo Ezron hakulifikiria.

Saa kumi na moja na nusu jioni, nusu saa kabla hawajafunga, nimejaza. Jina: Andrew Msiska. Makazi: Chitipa, Malawi. Uzoefu nje ya nchi: miaka kumi. Kiswahili: sijui hata neno moja. Maua ya kahawa nimeyatoa, wasije wakanitambua.

Nimetuma. Roho yangu imetulia kabisa. Nimempigia mshenga, nimemwambia apige pasi suti, Jumatatu ya Pasaka tunakwenda Itaka.