Meza ya Mbele kwenye Dansi la Boedo

Jumatatu, 3 Novemba 2014. Buenos Aires.

Leo ni miaka arobaini na moja na ushei tangu nivuke mto kutoka Montevideo, na sanduku moja na viatu vya kuchezea tango. Nilidhani ningekaa huku mpaka majenerali wa kwetu waondoke. Waliondoka. Mimi nikabaki, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshapata meza.

Na jana nimenyang'anywa!

Niliugua kifua, nikakosa Jumapili mbili tu za dansi la alasiri katika klabu yetu ya mtaa wa Boedo. Kurudi, namkuta Bevilacqua amekalia meza yangu ya mbele, kando ya sakafu, chini ya feni. Bevilacqua! Muuza magodoro mstaafu. Hucheza kama mtu anayeteremsha kabati ngazini. Miaka sabini na mbili, na bado anavaa viatu vyeupe. Akaniambia, pole na kikohozi, mzee wangu, meza ilikuwa inasikia baridi nikaipasha moto kidogo.

Nikaenda kwa Doña Perla, mwenye dansi, anayegawa viti kama Mungu anavyogawa riziki. Akasema meza ya mbele ni ya mtu anayejaza ukumbi. Bevilacqua huleta binamu sita. Mimi huleta nini? Nikamjibu huleta ustadi. Akasema ustadi haununui bia.

Amenikalisha nyuma ya nguzo, jirani na choo. Asiyecheza hawezi kuujua msiba huu. Hapa mwanamume hamfuati mwanamke mezani kumwomba wacheze. Hayo ni ya walevi na ya harusini. Humtazama kutoka kitini. Akitazamwa naye, huinamisha kichwa kidogo. Mwanamke akikubali, huinamisha chake, wanainuka. Asipotaka, hugeuza macho, na hakuna aliyeaibika. Yote ni macho! Nami kutoka nyuma ya nguzo naona kiwiko cha mtu na nusu ya chombo cha maua. Nimekitazama chombo hicho alasiri nzima. Hakikuitikia.

Jumatano, 5 Novemba.

Nina mpango!

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hupokea wageni wa kampuni ya utalii. Kiongozi wake ameteguka mguu. Jumapili wanakuja wastaafu ishirini na wawili, na kutoka wapi? Montevideo! Kivuko cha asubuhi, kuuona mji, kucheza tango, kivuko cha jioni. Wangepelekwa kwenye ukumbi wa watalii, ambako vijana hurusha miguu hewani kama wanafukuza mbwa. Nimejitolea kuwatembeza bure. Na ukumbi nimeubadilisha.

Doña Perla aliposikia idadi aliweka chini kikombe. Akauliza, wanakunywa? Nikasema kama ngamia. Uongo. Watu wa kwetu hutembea na chupa ya maji ya moto kwapani, ya kutengenezea ile chai yao ya majani machungu, toka wanapoamka mpaka wanapozikwa. Lakini amekubali: nikiwaleta, meza ni yangu tena.

Bevilacqua alikuwa karibu, akasikia yote. Akanitakia mafanikio. Mtu mbaya sana yule.

Ijumaa, 7 Novemba.

Nimeipita njia nzima kwa miguu, kujikumbusha. Ee Mola, mambo wanayoonyeshwa watalii! Mabati yaliyopakwa rangi kama peremende, na mbele yake kijana aliyejipaka mafuta ya nywele akimwinamisha msichana kila kamera inapotokea. Ikulu ya rangi ya waridi. Makaburi makubwa kuliko nyumba yangu. Nitawaonyesha, maana nimeahidi. Lakini ukweli nitausema: kila kizuri cha Buenos Aires kilianzia kwetu, kikavuka mto, kikanenepa.

Nimeuboresha mpango. Meza peke yake hainitoshi. Nataka Bevilacqua asiinuke hata mara moja. Akae nyuma ya nguzo na chombo chake cha maua mpaka wafunge. Kwa hiyo nitawafundisha akina mama desturi ya kutazamana tukiwa ndani ya basi, halafu nitawaonya: yuko mtu wa viatu vyeupe, huyo msimtazame. Basi. Kazi imekwisha. Akili hii yote sijui huwa inatoka wapi.

Jumapili, 9 Novemba.

Ningeweza kuandika neno moja tu nikafunga. Lakini niandike kwa utaratibu.

Bandarini walishuka wote na chupa kwapani. Akina mama kumi na wanne, wanaume wanane. Mbele yao Ofelia Larrañaga, mwalimu mstaafu wa jiografia, kofia ya majani, macho ya msahihishaji. Akakaa nyuma ya dereva, mkono ukiwa tayari kunyooka.

Kwenye mnara mkubwa nilisema, mrefu, ndiyo, lakini simameni uwanjani kwetu mtazame lile ghorofa lenye kuba, na mkahawa pale kwenye kona, vioo mpaka darini. Ofelia akasema mkahawa huo sasa ni duka la simu. Kwenye jumba la opera nikawasimulia sinema ya mtaani kwetu, viti vyekundu, mpiga kinanda kipofu. Akasema sasa ni kanisa, wanatoa mapepo kila Alhamisi. Makaburini nikaanza kuhusu soko la samaki. Hapo mzee mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Don Fermín, samahani baba, unatutembeza mji upi?"

Basi zima likacheka. Dereva pia, mtu asiyehusika.

Nikahamia kwenye somo la dansi. Nilifundisha vizuri sana, sijisifu. Wakafanya mazoezi ya kutazamana baina ya viti. Mume na mke walioishi pamoja miaka hamsini wakakataana. Kisha nikatoa onyo langu. Msimtazame mtu wa viatu vyeupe! Wakauliza kwa nini. Nikasema siwezi kueleza mbele ya akina mama. Wakasogeleana vitini. Nikaona onyo limeingia.

Lilikuwa limeingia.

Doña Perla alitimiza ahadi. Bevilacqua akahamishwa nyuma ya nguzo mbele ya macho yangu, akibeba glasi yake mwenyewe. Nikakaa. Feni juu yangu, sakafu mbele yangu. Nikaiweka sawa tai. Muziki ukaanza, nikainua uso niwatazame wanawake wangu kumi na wanne.

Walikuwa wanatazama chini. Wote! Wanakagua miguu ya wanaume, meza kwa meza. Wakafika kwenye nguzo. Wakaviona. Halafu macho kumi na manne mara mbili yakapanda polepole, suruali, mkanda, tai, kuona uso wa mtu mwenye dhambi isiyosemeka. Na yalipofika usoni hayakutoka.

Katika ukumbi ule hakuna mwanamume aliyewahi kutazamwa hivyo. Bevilacqua aligeuka nyuma kuona ni nani anayetazamwa. Kulikuwa na mlango wa choo. Akageukia mbele. Akainamisha kichwa, kwa woga, kwa mmoja. Wakainuka wanne.

Hakukaa tena! Aliyerudishwa kitini alipokezana na aliyekuwa akisubiri, na wengine walijifanya wanakwenda chooni ili wapite karibu. Mjane mmoja alipopita mezani kwangu aliinama akaniambia, mwongo mkubwa wewe, mtu yule ni mpole kama mkate wa maziwa. Mzee wa viti vya nyuma alicheza na mkewe bila kuiachia chupa kwapani, na hakumwaga hata tone. Ukumbi ukampigia makofi, Doña Perla akiongoza. Bia hawakununua. Waliomba maji ya moto.

Mimi? Nilitazama. Nilimtazama kila mwanamke mpaka shingo ikauma. Lazima nikiri kwamba kutoka meza ya mbele mtu huona vizuri sana.

Zamu ya mwisho, nyimbo nne za kufungia, Ofelia alinitazama. Nikageuka nyuma kuhakikisha. Ukuta. Nikainamisha kichwa, akainamisha chake.

Hacheki, harushi kitu, hana haraka. Kabla ya kugeuka anatulia kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni kabla ya kuingia. Kutulia huko hakufundishwi Buenos Aires. Kulifundishwa katika klabu moja tu ya Montevideo, nyuma ya kituo cha reli, na mwalimu aliyekuwa na mguu mbovu; sisi tulidhani ni mtindo. Sikumuuliza alijifunza wapi. Nilijua kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Baina ya wimbo na wimbo watu huongea, basi akaongea. Akaniambia klabu iko vilevile. Dansi bado wanacheza, kila anayefika anakaa penye kiti. Nikamtajia nyumba yetu. Iko. Madirisha wameyapaka kijani, vibaya. Mtini wetu wa uani haupo. Akaacha kuniita Don. Akasema, "Fermín, siku nzima umetuonyesha Montevideo, na nusu yake ilishabomolewa. Kivuko kina nafasi. Si usiku mmoja tu? Njoo uone nusu iliyobaki."

Nikasema nitafikiri. Nikambebea kofia mpaka kwenye basi. Dereva alipowasha injini, niligundua kwamba nimeishika bado, ikabidi niipitishe dirishani.

Jumatatu, 10 Novemba.

Nimefikiri.

Jirani amekuja asubuhi. Wageni wamefurahi mno, na kwa kundi la Desemba, la watu wa Rosario, kampuni inamtaka yule bwana wa viatu vyeupe awe mwenyeji wao. Wamesikia ana nyota! Nikaenda moja kwa moja kwa Doña Perla. Akasema meza ni yangu, ahadi ni ahadi, ila Bevilacqua sasa anajaza ukumbi kuliko binamu zake, na yeye Jumapili zijazo ataangalia.

Ataangalia!

Kosa langu nimeliona. Sikuwaonya vya kutosha. Viatu pekee ni alama dhaifu. Watu wa Rosario nitawaeleza pua yake, sauti yake, namna anavyokohoa. Nikipata picha nitaipitisha basi zima, kila mmoja amjue vizuri kabla ya kufika. Safari hii hatakuwepo wa kumtazama.

Bevilacqua mwenyewe nimemkuta kwenye ngazi za klabu. Akanikumbatia, mnafiki. Akasema amesikia yule mwalimu amenialika. Nenda, mzee wangu, akasema, nenda ukapumzike wiki mbili tatu, tembelea kwenu, kuhusu meza usiwe na wasiwasi.

Nimeuliza. Dansi la klabu ya kule nyuma ya kituo huchezwa Jumapili, alasiri, saa zilezile na letu.

Sitarudi Montevideo.