Herufi O Iliyochongwa Hewani

Jamani, leo sina uso wa kuonyesha watu hapa Mbinga.

Mnaijua ile mashine yangu ya kuchonga mbao, inayoongozwa na kompyuta, niliyoiunda mwenyewe kwa mota za printa chakavu (nilitamba nayo humu wiki nzima, mnakumbuka). Sasa, baba mkwe ni mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kahawa. Tangu soko huria liingie, kila mnunuzi binafsi ana bango lake barabarani, naye akataka la kwao liwapite wote: OFISI KUU YA USHIRIKA. Kazi akanipa mimi. Mkwe hakataliwi.

Asubuhi nikajaribu. Herufi zikawa zinahama kushoto. Mota inaambiwa itembee hatua mia, inatembea tisini. Nikalaumu umeme. Nikapunguza mwendo. Nikaiwekea feni, nikidhani imechemka. Wapi.

Mama Fausta, fundi cherehani wa chumba cha jirani, akaja kuchungulia.

"Inaruka mishono hiyo," akasema. "Kuna skrubu imelegea. Kaza."

"Mama, hii si cherehani." Nikamweleza habari za mota kwa dakika kumi (nusu yake hata mimi sikuielewa). Akasikiliza kwa adabu, akarudi kwenye magauni yake.

Muda ukabana. Nikafunga ubao, nikaiacha mashine ianze mstari wa chini ipande juu, nikaenda kuoga na kuvaa suti. Shemeji Deusi, mtoto wa huyohuyo mwenyekiti, akabaki kuangalia. Niliporudi alikuwa ameshalifunika bango kwa kitenge na kulifunga kwenye pikipiki. Tukaondoka.

Wanachama walikuwa wamejaa mbele ya ofisi. Baba mkwe akahutubia kuhusu uaminifu, akarefusha. Kisha akavuta kitenge.

FISI KUU
YA USHIRIKA

Mashine ilikuwa imehama kushoto hadi nje ya ubao. Ile O ilichongwa hewani.

Halafu bibi mmoja akapiga kigelegele, na umati mzima ukafuata kwa makofi. "Hatimaye kuna mtu amesema," mzee mmoja akapaza sauti. Wakanishika mkono mmoja mmoja, kama mgombea.

Nikamvuta Deusi pembeni. "Hukuona?"

"Niliona, shemeji. Nikadhani mmeshaongea na baba."

Baba mkwe alikuwa bado ameshika kitenge. Akanisogelea, akauliza taratibu, "Mwanangu, nani amekutuma?"

"Skrubu, baba."

Hakuniamini.

Nimerudi karakana, nimeikaza. Nusu mzunguko tu, na mota haipotezi hata hatua moja. Nimechonga bango jipya, limenyooka, lina O. Baba mkwe amelikataa. Anasema ataandikiwa kwa brashi na mtu asiye na siasa. Wakulima wawili nao wamekuja kuniomba niwachongee kama lile la kwanza, nisiguse herufi.

Mke wangu hajanisemesha tangu mchana. Kwa hiyo ninyi majirani mnaosoma hapa, chekeni, lakini msisikike hadi sebuleni kwangu.