Goti la Kulia, Njia ya Ziwani

Alhamisi, 6 Juni

Tangazo limebandikwa kando ya mashine ya kukatia karatasi. Jumamosi kiwanda chetu chote cha uchapaji kinakwenda kutembea mlimani, kupitia msituni hadi ziwani. Moyo paa! Miaka miwili nasahihisha vitabu chumba kimoja na mchoraji wa majalada, na sijawahi kumwambia neno lisilohusu koma. Jumamosi nitamwambia kwamba nampenda. Kikwazo ni Mlingoti, fundi mitambo, mwenye miguu isiyoisha. Naye anamtaka. Kiwanda kizima kinajua.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango umeiva. Nitaumwa goti! Mlingoti atapotelea mbele na miguu yake hiyo. Mchoraji ana huruma, aliwahi kumlilia njiwa aliyegonga dirisha letu, hawezi kuniacha nyuma peke yangu. Nimefanya mazoezi ya kuchechemea kutoka jikoni hadi mlangoni. Dada yangu akauliza kama viatu vinanibana. Nikamwambia haya ni mambo makubwa. Akasema basi nichague mguu mmoja, maana nachechemea yote miwili. Dada huyu ananipenda, ila hana adabu. Nimechagua wa kulia.

Jumamosi, 8 Juni

Hatua ya ishirini, nikaguna. Hatua ya thelathini, nikashika goti. Mchoraji akageuka! Uso umejaa huruma. Nilishaanza kutafuta maneno.

Mwongoza njia, mama mfupi mwenye firimbi, akapuliza. Akasema kwake kuna sheria moja: anayeumwa anatangulia, wengine wote wanafuata mwendo wake, asiachwe mtu. Nikamwambia mimi hata nyuma panatosha. Akanishika mkono kama mtoto, akaniweka mbele ya watu kumi na wanne. Mchoraji akapangwa karibu na mwisho. Wa kufunga msafara? Mlingoti.

Saa nne nzima! Nachechemea, kiwanda kizima kinanikodolea macho gotini.

Lakini niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu. Ukungu ulikuwa umelala katikati ya miti, ukawa unanipisha kidogo kidogo. Matone yalishuka taratibu kutoka jani hadi jani. Huenda watu waliongea, sikuwasikia. Sijui nilitembea hivyo kwa muda gani. Kisha miti ikaachana na ziwa likawa pale, jeupe, limetulia, ng'ambo haionekani, na mimi ndiye wa kwanza kuliona. Machozi yalinilengalenga. Nilitaka kumwita mtu aje aone, nikakumbuka ninayetaka kumwita yuko mwisho wa msafara.

Mama wa stoo, aliyekuwa nyuma yangu, akauliza kwa sauti mbona sasa nachechemea mguu wa kushoto. Nikajibu kwamba maumivu yamehama.

Mchoraji alitokea msituni baadaye sana, peku, anacheka. Viatu vyake kavishika Mlingoti.

Jumatatu, 10 Juni

Wamekuja mezani kwangu wote wawili, kunishukuru! Mlingoti akakiri kwamba yeye hutembea kama anayefukuzwa. Bila goti langu asingemaliza hata sentensi moja. Amemaliza zote. Wameshakubaliana.

Nikawapongeza.

Mchoraji kaniachia picha ndogo aliyoichora Jumapili: njia, ukungu, ziwa, na mbele kabisa mtu mmoja anachechemea. Mgongo wangu! Niliitazama hadi chai ikapoa. Kwa dakika kadhaa nilirudi kule kwenye miti, na nilikuwa na furaha, sikumtaka mtu yeyote.

Halafu akili ikafanya kazi. Mtu hachori mgongo asioufikiria! Matumaini yapo. Mwezi ujao tunarudi mlimani, nami nitazirai. Aliyezirai hawezi kutangulia, lazima abebwe nyuma kabisa, anakopenda kutembea mchoraji. Dada ameuliza atakayenibeba ni nani. Hilo ni jambo dogo. Atapatikana tu mtu mwenye nguvu, na miguu mirefu.