Kulificha Gari la Umeme

Jumatatu, 11 Agosti 2003. Burbank, California.
Simu kutoka kampuni ya magari. Msichana anaitwa Yolanda, mpole mno. Mkataba wa kukodi umekwisha, asema, Ijumaa gari la umeme linarudi kwao. Nikamwambia nalinunua. Haliuzwi, lilikuwa la majaribio tu. Nikauliza watalifanyia nini. Akanitakia siku njema. Sote tuliokodi magari haya tunajua: wanayaponda! Gari zima, halina kosa, halina hata moshi!
Silitoi ng'o.

Jumanne, 12 Agosti.
Kituo cha kuchajia, nyuma ya duka la vitanda. Plagi mbili tu. Kama kawaida nimezunguka mitaa kwanza ili betri ishuke. Adabu yetu ni kwamba mwenye betri tupu ndiye anayepishwa, na betri tupu huchukua saa nyingi. Watu husubiri wakipiga soga. Tangu Marjorie anipe talaka, kwingineko hakuna anayezungumza nami isipokuwa daktari wa meno, naye huwa kanijaza vidole mdomoni. Wakilichukua gari, sina pa kwenda.
Gordon Pruitt alikuwepo. Betri yake tupu kuliko yangu, eti! Ametamba kwamba atajifunga mnyororo kwenye gari lake. Wote wakamshangilia. Nikasema mimi nina mpango bora zaidi. Hakuna aliyeuliza ni upi.

Jumatano, 13 Agosti.
Mpango: dada yangu Lorraine ana banda kule Palmdale, ng'ambo ya milima. Hatujasemezana tangu mazishi ya mama. Nimempigia. Akasema banda limejaa, ila ataitoa mashine ya kukatia majani. Nimefurahi kupita kiasi. Nimemnunulia keki ya aiskrimu.

Alhamisi, 14 Agosti.
Balaa!
Asubuhi Gordon alikuwa kwenye plagi, na ile ya pili mbovu. Ningemwomba anipishe, angenipisha. Nimwombe Gordon? Nikaondoka na betri robo tatu. Joto la kuchoma. Mwenye akili angezima kiyoyozi, lakini keki je? Kiyoyozi mpaka mwisho, mlima wote. Malori yakanipita yakinipigia honi. Palmdale haijaonekana, gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama kimya.
Nikafanya afanyavyo kila mwenye gari kama hili: nikapiga namba ya msaada iliyobandikwa kwenye kioo. Huja bure, tena upesi. Wamekuja upesi. Dereva wa lori, jitu la ndevu, akalipandisha gari na kulifunga. Nikamwelekeza kwa Lorraine. Akatikisa kichwa.
"Hili linarudi kwetu, mzee. Muda wake umekwisha."
Nikamweleza kwamba ndiyo maana nalificha.
"Unatuficha gari, halafu unatupigia simu sisi wenyewe?"
Hakucheka. Heri angecheka. Tuliila keki sisi wawili kwa mikono, imeshakuwa uji, akanishusha nyumbani.
Nikampigia Lorraine. Mashine ya majani ameshaitoa nje, na kuku yuko kwenye oveni. Akasema, "Basi panda basi uje wewe." Nikamuuliza, bila gari nije kufanya nini? Akakata simu. Huyo dada hajawahi kunielewa.

Jumamosi, 16 Agosti.
Nimekwenda kituoni kwa miguu. Hakuna mtu. Gordon naye wamelichukua lake jana. Alijifunga mnyororo kweli, haja ndogo ikamshinda. Nimekaa ukingoni mwa maegesho mpaka mlinzi akaja kuuliza nasubiri nini. Nina upweke, na nimechoka nao.

Jumatatu, 18 Agosti.
Yolanda tena! Kampuni inatafuta watu wa kujaribu gari la haidrojeni. La kukodi tu, akanionya. Haliuzwi. Wakilitaka watalichukua, na safari hii nisibishe. Nikamwambia naelewa vizuri kabisa.
Nikauliza jambo moja: linajaziwa wapi? Akasema kituo ni kimoja tu, Torrance, mwisho wa jiji. Akaniomba radhi kwa sababu foleni yake ni ndefu sana, watu hukaa hapo nusu siku.
Nikamwambia aniandike wa kwanza.