Masizi ya Mtaalamu

"Dada, hivi mpwa wako ameajiriwa kuchezea masizi?" jirani alimwuliza Shangazi siku moja. Shangazi, aliyekuwa akifagia maabara ya mpwa huyo, naye alijiuliza hivyohivyo!

Masizi! Mpwa mwenyewe angesikia angezimia. Ule ni utando wa mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu, na kazi yake ni kutema elektroni mpaka kioo kilicho mbele yake kiwake. Tatizo, mirija ililala chali, na mrija uliolala hautemi kitu. Mpwa aliuchoma utando, akauosha, akaupulizia gesi. Wapi! Kioo cheusi kama kitako cha sufuria. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Hawakuwahi kufanya kazi ya elektroni.

Na leo wakaguzi wanakuja! Kioo kisipowaka, mpwa anahamishiwa stoo kupanga mabomba.

"Elektroni zangu zitatoka kwa gwaride!" alijigamba asubuhi mbele ya Shangazi. "Na wewe, hapa kazini mimi si mwanao. Niite Mtaalamu. Tena usiguse kitu!"

"Haya, mwana... Mtaalamu."

Akaenda kunyoosha tai. Shangazi, aliyekuwa akitoa nyuzi kwenye koti jeupe la Mtaalamu kwa selotepu, akaona mezani kibao kimepakwa weusi. Wageni waukute uchafu huu? Mola apishe mbali! Akabandika selotepu, akabandua polepole. Nusu ya masizi ikaondoka.

"Umeniua!" Mtaalamu alipiga ukelele mlangoni, akiitazama selotepu nyeusi. Lakini wakaguzi walikuwa nyuma yake. Akakitia kibao mtamboni, akawasha.

Kioo kikawaka kama mbalamwezi!

Kumbe selotepu, ilipovutwa, iliiacha mirija iliyobaki imesimama dede, kama nywele za mtu aliyekutana na simba.

"Mbinu gani hii?" aliuliza mkaguzi mkuu.

Kifua cha Mtaalamu kikafura. "Mvuto-Wima wa Mnato! Nimeubuni mwenyewe."

"Vizuri. Rudia na kibao kingine, tuone."

Mtaalamu akabandika selotepu, akaivuta kama anayeng'oa jino. Utando wote ukaondoka nayo! Kibao kikabaki kinang'aa kama sahani ya mwenye njaa. Cha pili, vilevile. Wakaguzi wakatazamana.

Kimebaki kimoja. Mtaalamu akamgeukia mwanamke wa ufagio pale pembeni.

"Shangazi," alisema, "naomba uje uguse."